Seli za Wifi Yangu

Wifi yangu aliolewa na mama yangu. Msishangae. Kwetu Butiama mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, amzalie warithi wa mji wake kwa mwanamume wa pembeni. Mama alikuwa na mimi tu, na mimi nilishaenda zangu Musoma, kwenye maabara ya hospitali. Akaoa binti kutoka Kisorya, mcheshi huyo, mdomo hauna breki. Akinipigia simu ananichokoza: "Wifi, mume wangu anakusalimu," halafu anacheka mpaka anakohoa.

Nilimng'ang'ania aje kupima shingo ya kizazi. Akaja. Seli zilikuwa zimeanza kubadilika. Siyo saratani, daktari akasema, lakini zinaweza kuwa. Akashauri kipande chenye seli hizo kikatwe mapema, ingawa huko mbele mimba inaweza kusumbua.

Neno hilo la mimba ndilo wifi alilorudi nalo nyumbani kwangu. Tukiwa jikoni tunaparua sato, akaniuliza, "Wewe si unaziangaliaga hizi seli kila siku? Zangu zitarudi au zitaharibika?"

"Sijui, wifi."

"Hujui au hutaki kusema?"

"Sijui! Zingine zinarudi zenyewe, zingine zinaendelea. Kwenye hadubini zinafanana. Nenda kakatwe."

Nikampigia mama, nikidhani ataniletea maneno ya wajukuu. Wapi! Akafoka, "Mke wangu atibiwe kwanza. Mtoto atakuja, asipokuja basi."

Wifi akatukatalia wote wawili. "Nimetolewa ng'ombe, nije kukaa bure kwenye mji wa watu? Nizae mmoja tu, halafu wanikate wanavyotaka."

Akazaa wa kiume. Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mtoto hajaota hata meno, mama yake akaanza kutoka damu, na safari hii daktari hakusema "zinaweza". Tulimpeleka Mwanza, tukamrudisha Butiama, tukamzika kando ya nyumba. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe mpaka leo sijui niielekeze kwa nani.

Juzi kazini tulikuwa na semina. Mtaalamu mgeni akatueleza kuhusu histoni, protini ambazo uzi wa vinasaba umezungushiwa ndani ya seli, kama mshipi wa kuvulia kwenye kijiti. Histoni hizo zina alama ndogo za kikemia, na alama zinaweza kubadilika mapema, seli zikiwa bado zinafanana kwa macho. Watafiti wanataka kujua kama zitaonyesha seli zipi zitarudi na zipi zitaendelea. Wenzangu walikuwa wanaandika. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Jumamosi nikaenda Butiama, nikamsimulia mama wakati anamlisha mtoto uji. Alinisikiliza mpaka mwisho, kijiko mkononi.

"Kwa hiyo hicho kipimo kingekuwepo, mke wangu angejibiwa lile swali lake?"

"Huenda, mama."

"Na sasa kipo hapo Musoma?"

"Hapana. Bado wanatafiti."

Akamfuta mtoto mdomo kwa kanga yake.

"Basi usinieleze tena, mwanangu. Nilishajikaza kuamini kwamba hakuna mtu ambaye angeweza kujua."