Kofi la Mashine

Maabara niliyofanyia kazi ilikuwa chumba kimoja cha chuo kikuu kilichopakwa rangi nyeusi hadi darini, na kazi yetu ilikuwa kunasa miondoko ya watu. Unambandika mtu vipira vidogo vinavyong'aa, kwenye viwiko, magoti na migongo ya viganja, anasimama katikati ya kamera, anacheza, na kompyuta inaona vipira tu. Ngozi haioni, sura haioni. Baadaye vile vipira vinageuzwa kuwa mtu wa katuni, nawe ukivaa miwani minene kama ile ya mchomelea vyuma unajikuta umesimama naye uso kwa uso. Wakubwa zetu waliita uhalisia pepe. Jina hilo sikulipenda tangu mwanzo. Pepe na pepo vinakaribiana mno, na kwetu Mbozi nisingethubutu kulitamka mbele ya wazee wa kanisa.

Miaka ile Songwe haijawa mkoa, bado tulihesabiwa Mbeya. Maabara ikapata mradi wa filamu ya katuni yenye ngoma za mavuno, na mkuu wetu, ambaye sote tulimwita Dokta, akauliza nani anamjua mchezaji wa kweli, si hawa wa kwenye sherehe za serikali. Nikamtaja mama yangu. Kijijini kwetu Hasamba hapakuwa na ngoma ya wanawake iliyochanganya kabla mama hajaingia uwanjani.

Kamera zile hazitaki jua, kwa hiyo tulizifunga ndani ya ghala la kahawa. Tangu wanunuzi binafsi walipoanza kuja na mizani yao hadi shambani, ghala la ushirika lilibaki tupu, makazi ya panya na maganda makavu. Tukaziba madirisha kwa mablanketi kutoka Tunduma, tukawasha jenereta. Habari kwamba nimekuja na Dokta ilitutangulia, na asubuhi tulikuta foleni ya watu wenye magoti yanayouma. Maskini Dokta wa watu, udaktari wake ulikuwa wa kompyuta. Ilibidi awape pole mmoja mmoja.

Mama alikataa katakata lile vazi jeusi la kubana.

"Nikivaa hilo, kanisani nitaingilia mlango gani?" aliuliza.

Tukambandika vipira juu ya blauzi na kitenge, vya mikononi tukavifunga kwa mpira wa nywele. Akajitazama, akacheka, akasema amekuwa mti wa kahawa ulioiva.

Sasa, kila tunapoanza kurekodi, lazima mtu apige kofi moja kubwa, ili picha za video na miondoko ya kwenye kompyuta zianzie mahali pamoja. Dokta akasimama mbele ya mama, akainua mikono, akapiga. Paa!

Mama akachuchumaa. Akakunja viganja, akapiga makofi yake taratibu, kichwa amekiinamisha, kama mwanamke wa kwetu anavyomwamkia mgeni wa heshima. Kipira cha mkono wa kulia kikachomoka, kikabingirika kwenye maganda.

"Hapana, mama," Dokta akasema. "Lile kofi ni la mashine."

"La mashine?" Mama alikuwa bado amechuchumaa. "Mtu mzima umesimama mbele yangu unapiga makofi, nikutazame tu? Watu watasema hata binti yangu huyu sikumlea."

Tulicheka mpaka tukashika kuta. Tukatafuta kipira, tukakifunga upya, tukaanza tena. Dokta akapiga kofi, mama akachuchumaa. Alijitahidi, namshuhudia. Mara ya tatu alinishika bega kabisa ili asishuke, lakini kofi lilipolia magoti yakakunjika yenyewe. Mwishowe Dokta akanyoosha mikono. Mwacheni aamkie, alisema, akimaliza ndipo acheze, tutakata baadaye. Na mama akacheza. Jinsi alivyocheza siwezi kuandika, na nikijaribu nitaharibu.

Mvua zilizofuata alianguka jikoni. Kiharusi. Aliishi wiki chache bila kusema neno, upande wa kulia umelala, tukamzika karibu na mibuni.

Baba yangu hakulia mbele yetu. Lakini alikuwa na jambo lake. Tangu nipate akili, kila jioni baba akitoka shambani alikohoa mlangoni, mama akatoka jikoni, akachuchumaa, akapiga makofi yale taratibu. Baba aliitikia, ndipo akaingia. Hata siku waliyogombana, hata siku ambayo mama hakumsemesha tangu asubuhi, makofi yalipigwa. Nimeona mama ana homa anatetemeka, na makofi yakapigwa.

Baada ya mazishi baba aliendelea kukohoa. Alifika, akakohoa, akasimama na jembe begani. Alisimama pale mpaka kuku wakaingia bandani, ndipo akainamisha kichwa na kuingia kimya, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu. Niliumia sana kumwona. Nilitamani kumwambia, baba, ingia tu, ni kwako.

Siku moja aliniita. "Wale wenzako walimchukua mama yako kule ghalani," alisema. "Ile salamu yake, wanayo?"

Nikasema wanayo. Nikapanda basi kurudi chuoni.

Nilikuta mradi umekwisha nikiwa nyumbani msibani, na kompyuta zinasubiri kufutwa zipewe watu wengine. Nilifungua faili moja, nikaona yule mtu wa katuni amesimama wima, anaanza kucheza. La pili vilevile. La tatu vilevile. Kijana aliyepewa kazi ya kusafisha alikuwa hodari, alikata kila salamu pale pale Dokta alipoagiza. Video nazo zilishafutwa kupisha nafasi. Sikumlaumu yeyote, kazi ndivyo ilivyo, ila nilikaa kwenye kiti kile nikalia kwa sauti na mlango uko wazi.

Kulikuwa na mahali walipotupa rekodi mbovu. Humo niliipata ile ya kwanza. Hawakuikata kwa sababu haikufaa kukatwa, kipira cha mkono wa kulia kilikuwa kimeanguka. Dokta aliniona na macho mekundu. Akanipa kompyuta na miwani, akasema nirudishe nikimaliza.

Nilimkalisha baba kwenye kigoda chake, nikamvisha miwani, nikafungua.

Niliona kwenye kioo cha kompyuta kile alichokuwa anakiona yeye: umbo la kijivu, lisilo na uso, linachuchumaa mbele yake. Kichwa kinainama upande kidogo. Yule ni mama, hata bila uso, mtu asingeweza kukosea. Halafu ule mkono mmoja wa kushoto unapanda na kushuka, unapiga hewa.

"Mkono mwingine uko wapi?" baba aliuliza.

"Kipira kilianguka, baba. Mashine haikuuona."

"Na makofi mbona siyasikii?"

"Inachukua mwendo tu. Sauti haichukui."

Akatikisa kichwa, miwani ikacheza usoni. Kisha akanyoosha kiganja chake mbele, polepole, akakiweka hewani mahali ambapo mkono wa mama ungekuwa. Akakiacha pale. Mkono wa kijivu ukaja, ukapita ndani ya kiganja chake, ukarudi. Akaitikia salamu kwa Kinyiha, kwa sauti ya chini niliyoisikia jioni zote za utoto wangu.

"Rudisha," aliniambia.

Nilirudisha mpaka betri ikaisha. Akavua miwani mwenyewe, akaifuta kwa pindo la shati kana kwamba ni yake, akanikabidhi.

"Ahsante, mwanangu. Nimemwona."

Nikadhani limekwisha. Kesho yake nilikuwa jikoni nasonga ugali, jua limeshuka nyuma ya mibuni, nikasikia kikohozi mlangoni. Nikangoja nisikie hatua zake zikiingia. Hazikuingia. Nikaacha mwiko ndani ya sufuria, nikatoka, nikachuchumaa mbele yake. Nilikunja viganja kama mama, nikapiga taratibu kama mama, kichwa nikakiinamisha upande kidogo. Makofi yalilia vizuri, mikono yote miwili.

Baba hakuitikia. Aliinama, akanishika kiwiko.

"Inuka, mama," aliniambia. Alizoea kuniita hivyo tangu nikiwa mdogo. "Umepiga vizuri. Lakini si wewe ninayemngoja."

Niliinuka, nikarudi jikoni. Ugali ulikuwa umeshika chini. Niliukoroga hivyo hivyo, nikimtazama kupitia mlangoni, amesimama na jembe lake begani.