Nusu ya Kamusi

Niliingia kwenye mtihani wa Kiingereza nikiwa na maneno magumu ya A hadi L peke yake. Yale ya M hadi Z, isipokuwa machache, yalikuwa Shabunda, kwa rafiki yangu.

Sote wawili tulikuwa walimu wa shule ya msingi Bukavu, na tulikuwa tumechoka. Kifaransa chetu, chini ya utawala wa Wabelgiji, hakikutufikisha popote zaidi ya ubao mweusi. Chuo kimoja cha ualimu Uganda kilikubali kumpokea mtu wa kwetu, kwa sharti aandike Kiingereza cha msomi, si kile cha kusalimia. Tukanunua kamusi kuukuu ya Kiingereza sokoni Nyawera. Ilikuwa moja tu.

“Kata,” rafiki yangu akasema. “Tukisoma yote sisi wawili, tutazeeka mbele ya kufika Z.”

Nikaipasua kwa kisu cha jikoni. Kila mmoja angejifunza nusu yake, na Jumapili baada ya misa tungebadilishana maneno thelathini. Tulifanya hivyo miezi mitatu, tukisinzia kwenye ukuta wa kanisa, madaftari magotini. Kisha mkaguzi wa shule akamhamishia rafiki yangu Shabunda, mbali msituni, naye akaondoka na nusu yake.

Aliahidi kunitumia maneno kwa malori. Ikafika orodha moja, yote ya M. Nikamuuliza dereva kama hakuna karatasi nyingine.

“Mwalimu, miye naleta mawese,” akasema. “Maneno iko mingi hapa Bukavu. Watu wanasema tangu asubuhi.”

Siku ya mtihani, mchungaji Mwingereza aliyetumwa na chuo aliniambia niandike insha ya safari ya majini. Neno la ziwa nilikuwa nalo, la mtumbwi pia. La dhoruba, la kasia na la mawimbi sikuwa nayo. Basi watu wangu wakavuka Kivu kwenye maji yaliyotulia kama ya bakuli, wamekaa tu.

Mchungaji alisoma amesimama. “Mtumbwi huu unaendeshwa na nani?” akauliza kwa Kiswahili.

Nikamweleza habari ya kisu. Hakucheka. Aliandika mistari miwili chini ya insha, akaitia katika bahasha, akapanda gari kuelekea mji wa Miti, njia ya kurudi Uganda.

Mkuu wa shule alitaka kujua kabla ya Pasaka kama nabaki au naondoka, ili atafute mwalimu mwingine. Pasaka ikapita. Barua ya Uganda ilikuwa haijafika.