Baiskeli ya Karani na Ruzuku ya Nyumba ya Itetemia

Siku ile tulikuwepo hivi. Mimi, binti wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, msaidizi wa jikoni. Kaka yangu, tumenyonya ziwa moja, kanizidi miaka miwili. Mama mkubwa, dada wa marehemu mama yetu, ndiye aliyetulea na ndiye aliyekuwa akipika pale. Fundi seremala, Mkristo wa kanisa la Moraviani, mwenye nyumba. Mke wake aliimba kwaya moja na mama mkubwa, na ndivyo tulivyopata kazi. Vijana wengine wanane, ambao hatukuwa na undugu wa damu nao, lakini mashati yao niliyafua mimi. Karani wa serikali, Mzaramo, mtani wetu. Na bwana mkubwa, Mwingereza mrefu, ambaye hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale. Huyo ndiye tuliyekuwa tukimsubiri.

Majina yao ninayo yote. Niulize leo nitakutajia mpaka jina la mbwa. Lakini siandiki hata moja, kwa sababu kila kijana alikuja kwetu na kesi yake, na leo wana wajukuu wanaoheshimika mjini. Aliyekuwepo atajijua.

Nyumba ilikuwa Itetemia, nje kidogo ya mji wa Tabora, kando ya ile barabara ya zamani waliyopita wapagazi. Ilikuwa miaka ya baada ya vita kuu ya pili, Mwingereza bado anatawala. Kijana akikamatwa mjini kwa wizi au kwa kupiga mtu, alichapwa viboko na kufungwa pamoja na watu wazima, au alipakiwa treni akapelekwa shule ya vijana wafungwa, mbali huko ambako mama yake hafiki. Fundi hakulipenda jambo hilo. Akaenda kwa bwana shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, kofia mkononi, akasema, "Nipeni mimi hao." Wakampa, kwa majaribio.

Yeye akawafundisha randa na msumeno. Mama mkubwa akawatibu. Ndiyo, kuwatibu! Walikuja na vidonda, upele, kichocho. Mmoja alikuwa na kifafa, tukajifunza wote kumlaza ubavu na kumwondolea vitu vya kumuumiza. Mmoja hakusema neno miezi miwili. Mama mkubwa akamkalisha karibu naye kila asubuhi wakibangua karanga, hamuulizi kitu, mpaka siku moja kijana akaonja mchuzi akamwita mama kwa Kinyamwezi, "Mayo, chumvi imezidi." Jamani, tulivyopiga vigelegele! Mchuzi wenyewe ulikuwa na chumvi kweli.

Sasa, fundi alikuwa analisha watoto wa watu kwa mbao zake mwenyewe, na mbao zilikuwa zinaisha. Dresa, yule mganga msaidizi wa hospitali, alifika akipata lifti, asipopata hafiki. Ndipo tukasikia kwamba serikali inaweza kutoa ruzuku kila mwaka: dawa, mablanketi, vifaa vya ufundi, na dresa aje kila wiki bila kukosa. Lakini kwanza bwana mkubwa anayehusika na vijana wa mahakamani aje aone kwa macho yake kama kweli wanatengenea. Akiridhika, ruzuku inatoka. Asiporidhika, nyumba inafungwa na wote tisa wanapanda treni. Na kaka yangu ndani yao.

Kesi ya kaka yangu ilikuwa ya baiskeli. Alikuwa akifanya kazi dukani kwa mfanyabiashara mmoja mjini. Siku moja akaichukua baiskeli ya tajiri wake bila kuomba, akaiendesha mpaka kijiji cha Isikizya, kwa raha tu ya kuiendesha. Akakamatwa njiani. "Nilikuwa narudi," akamwambia hakimu. Baraza zima likacheka. Mimi nilikuwa nyuma kabisa na sikucheka, kwa sababu namjua. Lakini nani atamsikiliza mtoto wa kike aliyeishia darasa la pili?

Basi siku ya bwana mkubwa ikafika. Tulikuwa tumefagia uwanja tangu alfajiri mpaka mistari ya fagio ikaonekana kama kitambaa kipya. Vijana wamevaa mashati niliyoyapiga pasi ya mkaa. Mimi mwenyewe nilikuwa sikai, nakimbia jikoni, narudi getini, nakimbia tena.

Karani akatangulia peke yake kuja kukagua orodha, juu ya baiskeli yake nyeusi inayong'aa. Akaiegemeza ukutani, akapiga kengele mara mbili bila sababu yoyote.

"Hodi hapa kwa watumwa wangu!"

"Karibu, mla pweza," mama mkubwa akajibu kutoka jikoni. "Umefika bila kuzama?"

"Nimezama kwenye vumbi lenu, shemeji! Nchi gani hii, mtu anakohoa matofali?"

Tukacheka wote. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kulala majumbani kwao. Mtani atakutukana, atachukua chako mbele ya macho yako, na wewe huruhusiwi kukasirika. Unachukua chake, naye anakikomboa.

Kaka yangu alikuwa ameketi kwenye benchi na bakuli la matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa mpaka vikakauka. Karani akanyoosha mkono akachukua kipande. Akachukua cha pili. Halafu akachukua bakuli zima.

"Mtumwa hali mbele ya bwana wake," akasema, anatafuna. "Babu yako alifika pwani na pembe begani, akaionja bahari, akauliza nani kamwaga chumvi yote hii!"

"Na babu yako akamuuzia mchanga wa ufukweni akamwambia ni unga wa mhogo," kaka akamrudishia. "Mpaka leo ukoo mzima tunakwaruza meno."

Vijana wakaangua kicheko, hata yule wa chumvi. Kaka akasimama.

"Haya, mtani. Umekula changu, na mimi nachukua chako."

Akairukia baiskeli! Akazunguka uwanja mara moja, mara ya pili, anapiga kengele, mistari yangu ya fagio yote inakwisha. Karani anamkimbiza na bakuli mkononi, anapiga kelele kwa raha zake, "Mwizi! Mwizi wangu huyo! Mkamateni!" Mama mkubwa ameshika mbavu. Mimi nachekea kwenye kanga.

Hapo ndipo gari la serikali likaingia getini, kabla ya saa yake.

Kaka aliliona likimjia, akachanganyikiwa. Sijui alisahau breki, sijui zilimkatalia. Akapita ubavuni mwa gari, akatoka getini, akaingia barabarani, huyo! Likabaki vumbi.

Bwana mkubwa akashuka na faili kwapani. Kiswahili alikijua, kile cha kitabuni, kila neno limesimama peke yake.

"Nani yule?"

Vijana wakatazama getini.

"Nimesikia mwizi." Akafungua faili. "Yule ndiye kijana wa kesi ya baiskeli?"

"Ndiye, bwana," fundi akasema kwa sauti ndogo.

"Na baiskeli ile ni ya nani?"

Macho yote yakaenda kwa karani. Karani akanyoosha kofia yake. Alikuwa mtu wa ofisi, mwenye mke na watoto, na bosi wake amesimama mbele yake. Aseme nini, kwamba alikuwa anacheza saa za kazi? Akatazama lile bakuli mkononi. Akalificha nyuma ya mgongo.

Watoto wa kike wa wakati wetu hawakusema mbele ya wakubwa, sembuse mbele ya Mzungu. Sijui nilipata wapi sauti.

"Mtani! Leo ndiyo unamkana mwenzako? Siku ya msiba wako nani atakuja kuwachekesha wafiwa?"

Mama mkubwa akanifinya paja mpaka nikaona nyota. Lakini karani mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka.

"Ni yangu, bwana," akasema. "Na sijaibiwa. Mimi ndiye niliyeanza, nimekula chakula chake." Akamweleza utani wote, tangu pembe na wapagazi mpaka bakuli.

Bwana mkubwa akamsikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo atarudi?"

"Atarudi, bwana. Hajanilipisha bado."

Yule bwana akageuza karatasi. "Hapa imeandikwa kwamba mara ya kwanza pia alisema alikuwa anarudi." Akatazama saa yake. "Nitakagua nyumba. Nikimaliza, nitaondoka."

Fundi akamtembeza. Karakana, chumba cha wagonjwa, sanduku la dawa lenye chupa mbili, mablanketi yaliyotoboka. Kila kijana alionyesha kazi ya mikono yake, kiti, fremu ya dirisha, mwiko, lakini masikio yote yalikuwa barabarani. Mimi nilisimama getini, shingo imenirefuka kama ya twiga. Barabara tupu. Akapita mama na kuni. Akapita mzee na mbuzi. Barabara tupu tena. Nikasema moyoni, kaka, rudi. Safari hii rudi waone.

Bwana mkubwa akatoka karakana. Akafunga faili. Akashika mlango wa gari.

Kri-kri!

Kengele! Nikaruka, nikapiga kigelegele mpaka mbwa akakimbia. Kule kwenye kona kaka yangu anakuja kwa miguu, jasho linamtiririka, amebeba baiskeli begani! Tairi la mbele lilichomwa mwiba, naye hakutaka kuisukuma asije akaharibu rimu ya watu. Alikuwa ameibeba njia nzima, na kengele akaipiga kwa kidole gumba alipotuona.

Karani akatupa mikono juu. "Mpagazi wangu huyo! Amerudi na pembe!"

Kaka akaitua chini polepole, mkono haukuachia usukani. Hakumtazama bwana mkubwa, alimtazama mtani wake.

"Karani, komboa."

"Bei gani?"

"Umalize lile bakuli. Bila maji."

Sasa wewe unajua matobolwa bila maji. Karani alitafuna mpaka machozi yakamtoka, na sisi tunamhesabia kila kipande kwa makofi. Bwana mkubwa akaomba kimoja. Akatafuna muda mrefu sana. Akasema ni kama soli ya kiatu yenye sukari, na hapo kwa mara ya kwanza tukayaona meno yake.

Kisha akamwita kaka. "Kwa nini umerudi?"

"Baiskeli si yangu, bwana."

"Na ile ya kwanza?"

"Na ile si yangu. Nilikuwa narudi."

Bwana mkubwa akaweka faili juu ya boneti ya gari, akaandika. Akaandika sana. Kaka akaziba pancha ya karani bila kuambiwa.

Barua ya ruzuku aliileta karani mwenyewe, baada ya mvua za kwanza. Akakataa kuisoma mpaka apewe matobolwa, safari hii na maji. Imekubaliwa! Mama mkubwa alimbeba yule karani, mtu mzima, akamzungusha uwanjani. Yakaja mablanketi, ikaja dawa ya kijana wetu wa kifafa, akaja dresa kila wiki. Hakuna hata mmoja aliyepanda ile treni.

Kaka alikuja kuwa fundi baiskeli mjini, na wengi wenu mmezibiwa pancha naye bila kujua. Na karani alipofariki, uhuru umeshapatikana, kaka alipanda treni kwenda pwani, akajilaza kwenye mlango wa marehemu: "Hatoki mtu hapa mpaka nilipwe matobolwa yangu!" Wafiwa wakacheka huku wanalia. Mjane akamkomboa kwa pweza mkavu. Kaka akarudi na huyo pweza mpaka Tabora, nyumba yangu ikanuka wiki nzima.

Haya ndiyo niliyonayo. Kama ulikuwepo, au mzazi wako alikuwepo akakusimulia, na unaona nimekosea, labda tairi lilikuwa la nyuma, labda mbwa alikimbia kabla ya kigelegele changu, njoo uniambie. Mmoja wa wale wanane anashikilia kwamba bwana mkubwa alikula vipande viwili. Mimi niliona kimoja. Njoo utuamue.