Pampu ya Joto ya Mama Muslimo

Istahil Warsame hakupenda kuambiwa jambo mara mbili, na habari ya baridi aliambiwa mara kumi. Alipotoka hospitali mwezi wa kumi, kifua bado kinapiga filimbi, mama mmoja wa ustawi wa jamii aliketi kwenye kochi lake hapo Saltley, mtaa wa Birmingham, akamweleza waziwazi: nyumba ikiwa na joto, utaishi peke yako, ikipoa, utahamia Northfield kwa binti yako. Binti mwenyewe, Muslimo, alikuwa amesimama mlangoni akiitikia kwa kichwa. Istahil alikuwa na miaka sabini na minne. Ishirini na miwili kati ya hiyo alikuwa ameishi nyumba ile, akipika anachotaka, akilala anapotaka. Leo akaombe ruhusa ya kuwasha jiko kwa mkwewe? Hata kidogo! Afadhali wamzike.

Boila yake ya gesi, iliyokuwa ikipasha nyumba joto, ilikuwa imekwisha zamani, na mradi wa nyumba za wazee ukamletea pampu ya joto: sanduku kubwa jeupe lenye feni, likafungwa uani, uso wake ukielekea ua wa mbao wa jirani. Fundi aliyeifunga, Abdiaziz, alikuwa Msomali mwenzake, mtu wa ndevu na maneno mengi.

"Ayeyo," alisema, maana kwao bibi yeyote ni ayeyo, "hii haichomi kitu. Inachota joto lililo hewani huko nje, inakuletea ndani."

"Na huko nje kunabaki nini?"

"Baridi!" Abdiaziz akacheka, akamshika mkono akauweka mbele ya feni. Upepo uliotoka hapo ulimfanya Istahil arudi nyuma. "Sasa nisikilize vizuri. Usiizime. Si kama boila. Hii inakwenda polepole mchana na usiku, na ukiizima nyumba itachukua siku nzima kupata joto tena."

Alisikia yote, lakini lililomwingia moyoni ni lile la baridi. Istahil alilelewa Isiolo na baba ambaye hakuruhusu nyama ichomwe uani kama hakuna sahani ya kumpelekea jirani aliyefikiwa na moshi wake. Haki ya jirani haikuwa mchezo nyumbani kwao. Na hapa yeye, bibi mzima mwenye tasbihi mkononi, alikuwa anavuta joto la uani na kumpulizia baridi jirani yake, Fundi Harbans.

Harbans alikuwa Singasinga wa Nakuru, fundi wa magari huko, halafu mfanyakazi wa kiwanda cha vyuma hapa Birmingham mpaka alipostaafu. Mkewe, Raksha, alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Yeye na Istahil walizungumza Kiswahili, kila mmoja upande wake wa ule ua, tangu siku Istahil alipohamia. Istahil akimpelekea mahamri, naye akirudisha bakuli na achari ya ndimu, kwa sababu bakuli halirudishwi tupu. Kila asubuhi alikalia kiti chake cha plastiki mlangoni pa nyuma, akinywa chai.

Mwezi wa kumi na mbili Istahil aliona mambo mawili. Dhania ya Harbans, iliyopandwa kwenye makopo kando ya ua, ilinyauka yote. Na Harbans akaanza kukohoa.

Loo! Istahil aliketi kitandani akajiona mwizi. Angeweza kumwuliza mzee wa watu, lakini angeanzia wapi? Samahani, Fundi, ni mimi ninayekuua? Aliona haya. Asubuhi iliyofuata, Harbans alipotoka na kikombe chake, Istahil alifungua mlango wa nyuma kimyakimya, akaizima pampu kwenye swichi ya ukutani. Atakapoingia ndani, nitaiwasha, alijiambia.

Ajabu ni kwamba Harbans hakuingia. Siku za nyuma chai yake ilikuwa ya robo saa. Siku hiyo alikaa saa nzima, shali ya sufu mabegani, akitazama ua. Kesho yake alikisogeza kiti karibu zaidi, akakaa mpaka adhuhuri. Istahil alikuwa akichungulia nyuma ya pazia na makoti mawili mwilini, akikasirika. Mzee huyu ana nini? Si aingie ndani! Kadiri Harbans alivyokaa nje, ndivyo Istahil alivyoiacha pampu imezimwa, na kadiri kikohozi kilivyozidi, ndivyo alivyozidi kuapa kwamba hataiwasha hata mzee akiingia ndani.

Kila jioni Muslimo alipopiga simu, alijibiwa, "Nyumba? Nyumba ni moto, mpaka natoka jasho." Mungu amsamehe, alisema hivyo akiwa amejifunika blanketi mbili.

Siku ya nne hakuweza kuinuka kitandani. Harbans alikaa kwenye kiti chake tangu saa mbili, na ilipofika saa tano akaingia kwake akagonga kwa fimbo ukuta uliopakana na chumba cha Istahil. Hakujibiwa. Akampigia Muslimo.

Muslimo alifika, akafungua mlango, akasimama sebuleni pumzi yake ikitoka kama moshi. Aliita gari la wagonjwa kabla hajavua viatu. Harbans alikuja nyuma yake, akasimama mlangoni mwa chumba bila kuingia, kwa heshima.

"Mama Muslimo, mashine imekufa?"

"Nimeizima," Istahil akasema kwa sauti ya kupasuka. "Inakupulizia baridi. Imekukaushia dhania yako. Na kikohozi hicho."

Harbans akamtazama kama aliyepigwa kofi.

"Dhania inakufa kila mwaka wakati huu. Na kifua changu ni cha kiwandani, mama, miaka thelathini ya vumbi la chuma. Mimi nilikuwa nakaa pale kuisikiliza. Tangu Raksha afariki siulizwi hali na mtu asubuhi. Hiyo mashine ikinguruma, najua wewe umo, uko salama, ndipo naingia ndani. Ikanyamaza. Sikuweza kuingia."

"Si ungeniuliza!"

"Na wewe je?"

Muslimo alisikia yote. Alilia, akawabusu mikono wote wawili, lakini hakubadili neno. Mama aliyemdanganya siku tatu mfululizo hawezi kuachwa peke yake.

Istahil alilazwa siku tisa, na kutoka hapo alipelekwa moja kwa moja Northfield, kwenye chumba kizuri chenye zulia jipya, ambako mkwewe alimwuliza kwa adabu kila mara kama anahitaji kitu. Hakuhitaji kitu. Juma la pili alimpigia simu Harbans.

"Fundi, kifua?"

"Kimepungua. Siku hizi sikai nje."

"Alhamdulillahi. Na mashine?"

"Inanguruma. Muslimo ameiacha iwake mabomba yasigande." Harbans akakohoa kidogo, mbali na simu. "Inanguruma vizuri kabisa, Mama Muslimo. Ila hamna mtu ndani."

Istahil akahamishia simu sikio la pili.

"Basi nitamwambia Muslimo aizime."

"Hapana," Harbans akasema haraka. "Usimwambie. Iache tu."