Mzinga Uliokataliwa na Nyuki

Wenzangu wakisikia harufu ya nta ya nyuki hukumbuka mishumaa ya kanisani. Mimi hukumbuka netiboli. Likizo hii nilimkuta baba akiiyeyusha kwenye sufuria, nikaanza kucheka peke yangu kama mwehu.

Nilipokuwa darasa la sita hatukuwa timu, tulikuwa burudani ya timu nyingine. Hata goli hatukuwa nalo. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa kichanga, chuma chote kilikuwa majembe. Baba, mrina asali, akatoa hukumu huku anamega ugali.

"Nyamizi, mkifungwa na mwaka huu, basi. Jioni utafunga tumbaku na mama yako."

Nililia mpaka mboga ikapoa. Kesho yake akaja shuleni na mzinga wa gome, wazi pande zote mbili.

"Mbovu huu, mwalimu. Nyuki wameukataa. Watundikie hao mabingwa wako wa kufungwa."

Tukautundika wima mtini, ukawa goli letu. Ulikuwa mwembamba, mpira unapita kwa kubembelezwa. Na kwa mzinga uliokataliwa, ulipata wageni wengi: mara mbili nyuki walitukimbiza hadi ofisini, mwalimu mkuu akatoka mbio akatupita. Mikono yetu ilinuka nta hata siku za kuoga.

Tukaanza kushinda, tukashangaa wenyewe. Fainali ikawa Tabora mjini.

"Jamani, mbona mnanuka mshumaa?" wakacheka wasichana wa mjini, raba zao nyeupe.

"Tumekuja kwenye msiba wenu," nikawajibu.

Mpaka dakika ya mwisho tulikuwa sare. Mpira ukanifikia. Nikainua macho: baada ya mzinga ule, goli la chuma lilikuwa pana kama beseni. Nikatupa. Ukazama bila kugusa chuma. Tukawa mabingwa, na kufunga tumbaku nikabaki kukusikia kwa jirani.

Sasa nipo kidato cha tatu, na juzi baba alinipa kitambaa nipake nta ndani ya mzinga mpya.

"Ya nini, baba?"

"Kuwaita nyuki. Mzinga hupakwa ukiwa tayari kwenda porini."

Nikapaka kidogo, mkono ukasimama. Ule mbovu ulikuja shuleni ukinuka hivi hivi, nta bado mpya.

"Baba, ule wa shuleni..."

"Paka, we mtoto, maneno mengi ya nini?" akasema, akageukia sufuria na kukoroga nta iliyokwisha kuyeyuka zamani.