Mkate wa Boga wa Mama

Nikisikia harufu ya boga likichemka na iliki ikitwangwa kando yake, narudi Bariadi, kwenye ua wa nyuma ya nyumba yetu, asubuhi ya Pasaka.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, unga wa ngano na sukari viliporudi madukani, mtu akanunua kilo nzima bila kujuana na mwenye duka. Mama alikuwa mzaliwa wa Nyashimo, na mkate wa boga alifundishwa na masista. Alipotangaza kwamba huo ndio atakaowaandalia wageni baada ya misa, Bibi, mama yake baba, aliyekuja kutoka Kasoli kula sikukuu nasi, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mgeni wa Pasaka unampa boga? Boga tunakula shambani, tukipalilia pamba."

Mama akaendelea kumenya boga lake. Alikuwa amempikia Bibi kila sikukuu kwa miaka minane, wala hakuwahi kusifiwa hata chumvi. Mimi nilikuwa na miaka saba tu, lakini nilijua anautaka mkate ule upendeze kuliko alivyowahi kutaka kitenge kipya.

Boga lilipondwa, likachanganywa na unga, hamira, mayai, samli na iliki. Sufuria ikawekwa makaa chini, na mengine juu ya kifuniko cha bati. Mama akaenda kuoga, akaniachia kazi ya kufukuza kuku. "Kifuniko usikiguse," akasema.

Sasa niambieni, ninyi mliowahi kuwa watoto, nani angeweza? Nilichukua kijiti, nikainua bati kidogo tu. Likateleza, na majivu yakamwagikia upande mmoja wa mkate, pamoja na kaa moja jekundu. Kaa nikaliopoa, majivu nikayapuliza, yaliyogoma nikayapangusa kwa gauni langu la sikukuu. Nikarudisha kifuniko, nikaanza kufukuza kuku kwa bidii ambayo hawakuwahi kuiona. Nilipogeuka, Bibi alikuwa mlangoni. Alinitazama, akaingia ndani.

Wageni walipoketi, mkate uliletwa. Ulikuwa umeumuka vizuri, rangi ya dhahabu, ila upande ule ulikuwa mweusi na umebonyea. Mama alipouona, akakiweka kisu chini.

Bibi akakichukua kisu kile. Akaukata upande mweusi wote, akaujaza kwenye sahani yake. Baba mdogo akauliza kulikoni.

"Ukimchunguza sana bata, hutamla," Bibi akamjibu. "Palipokauka ni pa wazee. Ninyi kuleni laini."

Akatafuna, na mimi niliyekaa karibu naye nilisikia majivu yakisagika menoni. Akameza. Kisha akasema, wageni wote wakisikia, "Huyu mkamwana wangu anajua kupika." Mkate uliisha hata kabla ya chai. Mama alicheka siku nzima, nami nikacheka naye.

Kwa miaka mingi niliamini Bibi alikula majivu yale ili kuniepusha na fimbo, na nilimpenda sana kwa hilo. Nilipoolewa, nikaishi na mama mkwe wangu mwenyewe, ndipo nilipoelewa jinsi ilivyo vigumu kwa mtu mzima kuanza kusifu alichokinyamazia miaka minane. Bibi alikuwa akitafuta mlango. Mimi, kwa utundu wangu, nikamfungulia.