Vidonge vya Kuongeza Damu

Mimi ni mtu wa bucha. Duka langu liko mji wa Salama, kando ya barabara kuu, na nimeishi nikiamini hakuna ugonjwa wa kushindana na nyama. Mama alipokuja kukaa kwangu kutoka Kyuso, viganja vimepauka, akihema kila hatua kumi, niliona moja tu: damu imepungua, irudishwe. Ilikuwa inaenda wapi, sikuuliza. Na kuuliza si ujinga.

Nikamlisha maini asubuhi, figo jioni. Alikuwa amekuja na ndengu zake na kibuyu cha uji mchachu wa mawele, ule unaolazwa siku tatu. Ndengu nikawapa kuku. Kibuyu nikakitupa.

"Mama, hii ni bakteria tupu!"

Kisha nikamnunulia vidonge vya madini ya chuma. Kila asubuhi nilimwekea kimoja kiganjani, nikaenda zangu kufungua bucha.

Mwezi wa pili akaniita chooni. Mama yangu, mtu wa kanisa, asiyetaja mambo hayo hata kwa daktari, alinionyesha choo chake. Kilikuwa cheusi kama lami.

"Hiyo ni dawa, Mama. Chuma hufanya hivyo."

"Haya. Wewe ndio umesoma."

Tukanyamaza miezi mitano. Mpaka leo nikiihesabu hiyo miezi najichukia.

Alipokonda sana nikampeleka hospitali. Saratani ya utumbo mpana, imeshafika kwenye ini. Daktari alitueleza taratibu kwamba uvimbe ulikuwa ukivuja damu tangu mwanzo. Akasema tumboni mna bakteria wazuri na wabaya, nao hula tunachokula: ndengu huwashibisha wazuri, lakini chuma kinachobaki utumbo usipokifyonza, hasa nyama nyekundu ikizidi, watafiti wanahofia huwanenepesha wabaya. "Ila maini yako hayakuleta uvimbe huu," akaniambia. "Huu ni wa miaka."

Hilo nililishika kwa mikono miwili. Nikajitetea kwamba vile vidonge ndivyo vilivyotudanganya kuhusu choo.

Mama akageuza kichwa kwenye mto.

"Hizo dawa niliacha kitambo, wiki ya pili. Zilikuwa zinanifunga tumbo. Nilikuwa nazifunga kwa leso, nazitupa huko nje. Sikutaka usikie vibaya, mwanangu, vile ulikuwa unajisumbua."

Daktari akainamia karatasi zake. Kumbe ule weusi ulikuwa damu yenyewe, na mama alinionyesha, nami nikamfundisha.

Tuliporudi nyumbani hakutaka nyama tena. Aliomba uji wake mchachu wa kibuyu. Nilizunguka soko zima nikapata kibuyu kipya, nikakisugua, nikakifukiza moshi, nikalaza uji. Lakini kibuyu kipya hutia uchungu mpaka kizoee, na hilo huchukua majuma. Alionja kijiko kimoja, akanishukuru, akakiweka chini.

Kibuyu kimeshazoea sasa. Uji wake ni mtamu, nami naunywa peke yangu.